Marashi ya Arobaini

Harufu ilinikuta nimekaa mkekani nachambua mchele wa hitima, na jambo la kwanza nililofanya ni kujinusa mwenyewe. Mjane aliye edani hajitii manukato. Tangu Kiyungi azikwe sikuwa nimejipaka kitu. Hata sabuni niliyoogea ilikuwa ile ya mche, ya kufulia. Nikanusa viganja, nikanusa ukosi wa gauni langu jeupe, nikanusa mtandio. Hakuna. Waridi na udi vilikuwa hewani tu, vimejaa chumba kizima, na mlango umefungwa.

Nitasema ukweli, mwanzo nililia. Udi ndio uliokuwa harufu ya mume wangu siku za Ijumaa. Nikafumba macho nikavuta pumzi ndefu, kisha nyingine, nikamwona Kiyungi anashuka kwenye boza lake la maji na kuniuliza kama chai ipo. Halafu akili ya kazi ikarudi, nikabana pumzi.

Hapa mjini Isunga kiangazi hakuna anayefukiza. Moshi ni anasa tuliyoiacha tangu ziwa lilipokauka na vumbi lake jeupe likaanza kuhamia kwetu. Nyumba zetu zimezibwa mpaka matundu ya funguo. Kinachopita kila mahali, chini ya milango na juu ya kuta, ni ukungu wa mtaa, nao tunautaka upite, maana ndio unaotushikia vumbi. Kama harufu imeingia ndani, basi imepanda ukungu. Na kama imepanda ukungu, imetoka kwenye tenki la maji linalolisha ukungu huo.

Tenki lile nalijua kuliko ninavyolijua jiko langu. Mimi ndiye fundi wa sahani, ule mtambo unaorusha ukungu, wa Mtaa wa Mizambarau, au ndiye niliyekuwa mpaka nilipokaa eda na kazi ikashikwa na Masanja wa mtaa wa pili.

Nikaenda dirishani, nikainua pazia upana wa kidole. Nguzo ilikuwa imesimama pale pale katikati ya mtaa, na juu yake sahani, pana kama sinia la pilau la harusi. Chini yake wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka, Maalim Ndaro akiwaongoza kusoma Yasini. Tumezoea kusomea hitima pale, kwa kuwa ndipo ukungu ulipo mzito na vifua vinapopumzika. Hilo halikunishtua. Kilichonishtua ni mchicha wa Pili.

Pili, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amepanda mchicha kuzunguka nguzo bila ruhusa ya mtu. Kila siku namgombeza na kila siku naula. Hamwagilii hata kidogo. Ukungu ukishashika vumbi unakuwa mzito, unashuka, na ardhi chini ya sahani haikauki mwaka mzima. Siku ile udongo ulikuwa wa kijivu na majani yamelala. Ukungu ulikuwa mwingi kuliko kawaida, mweupe, unang'aa, lakini haushuki. Ulikuwa unaelea usawa wa nyuso za watu, na watu walikuwa wameziinua nyuso zao, wengine wamefumba macho, wanavuta.

Nikapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha, upande wangu wa ndani. Kidole kikateleza. Nilipokiinua kwenye mwanga kilikuwa na rangi rangi, zile unazoziona kwenye dimbwi la gereji. Mafuta.

*

Kazi yangu naweza kuieleza kwa tone moja. Weka tone la maji juu ya sahani inayotetemeka. Mwanzo linacheza tu. Ongeza mtetemo, uso wa tone unajikunja vijiwimbi, vimepangana kama ukili kwenye mkeka. Ongeza tena, na kuna mahali ngozi ya maji inaposhindwa kuvishika vijiwimbi vile. Ncha zake zinakatika, zinaruka, na tone zima linapasuka kuwa ukungu kabla hujapepesa jicho. Sauti ya sahani ikiwa nyembamba, vijiwimbi vinakuwa vidogo na ukungu unatoka laini. Sauti ikiwa nene, yanatoka manyunyu. Ya kwetu ni nyembamba kiasi kwamba sikio la mtu haliipati. Imepimwa ili chembe za maji ziwe kubwa kidogo zisipenye kifuani, na ndogo kidogo zisilikose vumbi. Nafasi inayobaki hapo katikati ni ndogo sana, na mtaa mzima unaishi ndani yake.

Sasa, mafuta yanailegeza ngozi ya maji. Ngozi ikilegea, chembe zinatoka ndogo kuliko tulivyopima. Hazishiki vumbi, hazishuki, zinapita kooni na kuteremka mpaka chini kabisa ya pafu, nazo zimebeba mafuta. Maji, pafu linaweza kuyanywa. Mafuta linayaweka.

Chuoni walitusimulia habari za mtaa mmoja wa mji wa Kasombe, ambako mafuta ya pampu yalivuja ndani ya tenki. Kwa siku kadhaa watu hawakuhisi kitu. Kisha wakaanza kukohoa kikohozi kibichi, nyumba kwa nyumba. Mwalimu wetu hakumaliza hadithi. Alifuta ubao akatuambia twende tukale. Tulicheka njiani, tukasema mwalimu ana njaa.

Lakini yale yalikuwa mafuta ya pampu, tena mengi. Haya yalinukia waridi.

"Mama!" niliita. "Mama, njoo!"

Bi Mwantumu, mama mkwe wangu, aliingia kutoka uani na sinia la tende mikononi. Ana kifua cha vumbi, au niseme alikuwa nacho, na ulimsikia kabla hujamwona, kwa ile filimbi iliyokaa ndani ya pumzi yake. Uso wake ulikuwa na tabasamu. Sikuwa nimeliona tangu walipomleta mwanawe.

"Umeyasikia?" akaniuliza. "Nilitaka uyasikie na wewe. Najua una eda, lakini haya hukujipaka, mwanangu. Yamekujia yenyewe."

"Mama, umetia nini kwenye tenki?"

"Marashi. Arobaini bila marashi umeiona wapi?" Akaweka sinia chini, akakaa taratibu, mkono kiunoni. "Zamani mtu alizunguka na mrashi, kila aliyekuja akanyunyiziwa mkononi. Leo nani atazunguka, na king'ora kinalia kila kukicha? Nusu ya mtaa hawatoki ndani. Nikasema, Kiyungi aliwaletea maji nyumba zote hizi. Na arobaini yake ifike nyumba zote."

"Marashi peke yake?"

"Peke yake yangemezwa, tenki kubwa vile! Nikatia mafuta ya waridi, zile chupa za bluu za kabatini. Na ule udi wake uliobaki. Wote. Nilikuwa namwekea nani?"

"Kakufungulia nani?"

"Masanja. Nilimwomba kidogo tu, akasema, si ni marashi tu, mama."

Nikakaa mbele yake nikamweleza kama nilivyoweza, na najua sikueleza vizuri. Alinisikiliza huku ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa.

"Tumerashiwa tangu tukiwa watoto," akasema. "Mimi, mama yangu, bibi yangu. Nani alikufa?"

"Tone la mrashi linaangukia nguoni, mama. Hili haliangukii popote. Linaingia." Nikamwonyesha kidole. "Hii imetoka kwenye kioo, humu humu ndani."

Akakishika kidole changu, akakigeuza kwenye mwanga. Bi Mwantumu hakuwa mjinga. Niliona tabasamu likimtoka pole pole, na mahali pake pakaja kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nageuza uso.

"Basi nenda kazime," akasema kwa sauti ndogo.

King'ora kikalia wakati ule ule. Kilianzia mbali, mtaa wa mwisho upande wa ziwa, kikapokelewa na mitaa mingine mpaka kikafika kwetu. Sote tulijua maana yake. Upepo wa alasiri umeamka, na vumbi linakuja.

*

Nataka ieleweke nilikuwa nimesimama wapi.

Ningeacha mambo yalivyo, ukungu ule ungeendelea kunukia, na kila mtu angeuvuta mpaka asubuhi, ambapo boza la maji lilikuwa na zamu ya kuja. Ningezima kabisa, mafuta yangebaki tenkini na asubuhi tusingekuwa na pa kuweka maji safi. Njia ya tatu ilikuwa kushusha sauti ya sahani. Ukungu ungegeuka manyunyu, mafuta yangeanguka chini pamoja na matone, na tenki lingejimwaga lenyewe hadi tupu. Ila vumbi la ziwa lingepita katikati ya manyunyu, maana tone kubwa halilishiki vumbi dogo.

Mwenye kifua kizima angejifunga kanga mbichi puani, angelala chini sakafuni, na kesho angeamka na macho mekundu. Mwenye kifua cha vumbi asingeamka. Na katika Mtaa wa Mizambarau aliyebaki na kifua hicho alikuwa mmoja. Wengine tulishawazika.

Kumhamishia mtaa wa jirani haikuwezekana. Kati yetu na wao kuna uwanja mtupu usio na sahani, na upepo ulikuwa umekwisha kufika uwanjani. Nilichungulia nikauona, mweupe, mrefu kuliko mapaa.

"Unafikiri nini?" Bi Mwantumu akauliza, ingawa alikuwa ananisoma usoni. Amekaa na wagonjwa wa vumbi maisha yake yote. Hesabu ile aliifanya kabla yangu.

"Mama..."

"Una hakika? Kwamba yale mafuta yatawaua?"

Hapo ndipo kwenye kiini. Sikuwa na hakika. Chupa chache za mafuta katika tenki zima, huenda si kitu. Huenda wangekohoa juma moja, basi. Au huenda ikawa Kasombe. Vumbi ndilo nililokuwa na hakika nalo.

"Sina," nikasema.

"Unaona!"

"Sina hakika, mama, lakini naogopa. Naogopa sana."

"Na mimi naogopa!" Alinikamata kifundo cha mkono, na sikutegemea nguvu ile kwa mtu wa pumzi kama zake. "Mimi sitaki kufa kwa vumbi, Nyamizi. Nimemwona Kiyungi walivyomleta. Nilimfuta mdomo mimi, kwa mkono huu. Ulikuwa umejaa kama mtu aliyekula unga. Usinifanyie hivyo."

Kiyungi boza lilimharibikia katikati ya ziwa kavu, na waliomleta walimfunika uso ili mimi nisimwone. Mama yake alimwona.

"Na una eda," akasema, anatafuta lolote la kunishikia. "Huwezi kutoka. Wanaume wamejaa nje. Watu watasema nini? Siku ya arobaini ya mwanangu, mjane wake yuko barabarani? Kaa, mwanangu. Kaa tu na mimi. Asubuhi boza litakuja."

Nje wanaume walikuwa wamefika kwenye dua. Nilisikia "amin" yao, wote kwa pamoja, na kila "amin" ni kinywa kimefunguka. Nyuma ya ukuta nikamsikia mtoto wa Pili anacheka. Pili alikuwa amefungua mlango wake wazi, ili marashi yaingie vizuri.

Nilichukua ndoo ya maji ya kunywa, nikalowesha kanga mbili, nikamfunga moja puani na mdomoni, nikamfunika na ya pili kichwa kizima. Aliniacha nimfunge. Nadhani alifikiri nimekubali kukaa. Nilipoelekea mlangoni ndipo alipoelewa, akaniita jina langu chini ya ile kanga. Hakuniita mwanangu wala mkwe. Aliniita Nyamizi, mara moja, na sikugeuka.

*

Mtu anayetoka edani akiwa na nguo nyeupe katikati ya mkusanyiko wa wanaume hahitaji king'ora. Dua ilikatika. Wengine waliinamisha vichwa, wengine walikodoa macho. Maalim Ndaro alisema "Laa!" kisha hakujua aseme nini zaidi. Hewa ilikuwa tamu mpaka inakera koo. Niliziba pua kwa mtandio nikapita katikati ya mikeka yao.

Masanja alikuwa kwenye kisanduku cha mitambo, anakula tende.

"Shemeji! Rudi ndani, una eda!"

"Sogea."

"Kuna nini? Tuambiane kwanza..."

"Umemruhusu mama kutia mafuta kwenye tenki?"

"Marashi, shemeji. Marashi ya arobaini. Ningemkatalia mama wa marehemu?" Kisha akayatazama macho yangu, akatazama juu kwenye sahani, akatazama ardhi kavu chini ya viatu vyake. Yeye naye ni fundi. Tende ikamdondoka. "Alisema kidogo tu."

"Nashusha sauti."

"Vumbi limefika, Nyamizi. Ukishusha sasa hivi..." Akaangalia nyumbani kwangu. "Bi Mwantumu yuko wapi?"

Nilishika mkono wa chuma unaopanga sauti, na ulikuwa wa baridi, umelowa, unateleza kwa mafuta. Kutoka pale nguzoni dirisha langu linaonekana vizuri. Pazia lilikuwa limeinuliwa. Nyuma yake kulikuwa na kitu cheupe, kanga yake aliyofunikwa, na kilikuwa hakisogei.

Najua nilisimama pale kwa muda, kwa sababu Masanja alisema "Shemeji" mara mbili. Nilikuwa nikiomba atokee mtu aniambie nimekosea, kwamba mafuta ya waridi si kama ya pampu, kwamba Kasombe ilikuwa hadithi ya kutisha wanafunzi. Maalim Ndaro alikohoa kidogo, kama mtu anayesafisha koo aendelee na dua. Nikauvuta mkono.

Hatujawahi kuisikia sahani yetu. Sauti yake iko juu ya masikio ya watu. Mbwa tu ndio wanaoihama. Nilipouvuta mkono ikaanza kushuka, na palifika mahali tukaanza kuipata. Kwanza ulikuwa mlio mwembamba ndani ya meno. Kisha ukawa wembe. Kisha ukawa sauti kamili, inalia, inateremka, na mtaa mzima ukafunika masikio. Watoto walipiga mayowe ndani ya nyumba. Niliendelea kuvuta. Ukungu ukatetemeka, ukajikusanya, na ghafla ukaanguka wote.

Matone yakatupiga vichwani. Mvua, Isunga, kiangazi! Kwa muda mfupi wanaume walisahau kila kitu, wakanyoosha viganja. Kanzu zao zikaingia madoa ya mafuta mabegani, Maalim akaukumbatia msahafu ndani ya nguo yake, na harufu ya waridi ikapanda kutoka ardhini, kali kuliko mwanzo. Mchicha wa Pili ukainamia chini kwa uzito wa maji.

Kisha mtu mmoja akapiga chafya, na tukaliona vumbi. Lilikuwa linakuja katikati ya matone, kavu, linapinda pembeni mwa kila tone bila kuguswa.

"Ndani!" nikapiga kelele. "Kanga mbichi puani, laleni chini! Fungeni milango!"

Wakakimbia, mikeka wakaiacha. Nami nikakimbia.

*

Alikuwa bado dirishani. Nilimlaza sakafuni, nikaziba chini ya mlango na nguo zangu zote, nikalowesha kanga upya, nikalowesha na shuka. Nililala nimemfunika kwa mwili wangu, uso wake kifuani kwangu, kana kwamba ningeweza kuwa ukuta.

"Umezima?" akauliza.

"Nimeshusha, mama."

"Mbona naisikia?"

Alikuwa anasema sahani. Ilikuwa bado inalia kule nje. Nilimwambia italia hivyo mpaka tenki liishe. Filimbi ya pumzi yake ikaanza kukwaruza. Nilimwomba radhi. Nilimwomba mara nyingi, kwa maneno yale yale, na hakunijibu, na siwezi kusema kama ni kwa kukataa au kwa kukosa pumzi. Alichosema baadaye ni, "Nifunge vizuri, inaingia hapa pembeni." Nikamfunga vizuri.

Sahani ilinyamaza kabla yake. Boza lilipopiga honi asubuhi nilikuwa nimekwisha kumfuta mdomo, kwa mkono wangu, kama yeye alivyomfuta mwanawe.

Hakuna mwingine aliyekufa. Wote waliamka na macho mekundu, wakafagia vumbi lao, wakaja kuzika.

*

Nimerudi mkekani. Wanawake wengine wanasema eda yangu imevunjika nianze upya, wengine wanasema nisihangaike, mwanamke kama mimi eda ya nini. Chakula wananiletea, hawajaniacha na njaa, lakini wanakiweka mlangoni na kuondoka. Nasikia yanayosemwa. Bi Mwantumu aliwapa mtaa mzima marashi ya mwanawe, siku nzuri kuliko zote tangu ziwa likauke, na mkwewe akatoka edani akaikata dua na kumwua kwa vumbi. Kwa sababu gani? Wengine wanasema wivu. Wengine wanasema nyumba.

Masanja anajua, lakini amefunga mdomo. Akisema langu ni lazima aseme na lake. Na mimi nimenyamaza. Nikisema, nitakuwa namsema marehemu ambaye bado hata udongo wake haujakauka, na ushahidi sina. Tenki limesafishwa. Waliokuwa wafe hawakufa, na mtu huwezi kumwonyesha kaburi ambalo halikuchimbwa. Nikaona ni afadhali wanichukie mimi, ambaye nipo na ninaweza kuchukiwa.

Maalim Ndaro hajaadhini siku hizi. Wanasema ni mafua.

Leo alasiri Pili alikuja dirishani. Ndiye pekee anayenisemesha bado, kwa ajili ya ukuta wetu mmoja. Alikuwa na mtoto mgongoni na fungu la mchicha mkononi, akanipitishia chini ya pazia.

"Umestawi," nikasema.

"Umestawi mno. Ile mvua yako." Akasita, anapanga maneno. "Shoga, nina ombi. Arobaini ya baba yangu, aliyefia kijijini, ni juma lijalo. Kaka zangu wametuma mafuta ya waridi, mazuri, chupa sita. Masanja nimemwomba anifungulie tenki, akakimbia kama nimemtajia jini. Nikasema wewe ndiye fundi. Niandikie hata neno moja, aone umekubali. Nataka mzee wangu naye apite mtaani kama alivyopita mumeo."

Nikauweka mchicha chini.

"Pili," nikasema, "sogea karibu. Usipige kelele."

Nikamwambia yote. Chupa za bluu, ngozi ya maji, chembe zisizoanguka, Kasombe. Nikamwambia nani alitia na nani alifungua. Nilimsema mama mkwe wangu aliye kaburini, kwa jina lake, kwa sauti yangu mwenyewe, na kila neno nililihisi likinikwaruza linapotoka.

Pili alisikiliza mpaka mwisho. Nje sahani ilikuwa kimya kama kawaida yake, ukungu unashuka vizuri.

"Marehemu hasemwi hivyo, Nyamizi."

"Najua."

"Tena sisi mbona wazima? Mimi siku ile nilifungua mlango wazi kabisa. Nilikaa kizingitini na huyu mgongoni, nikavuta yale marashi mpaka nikalewa. Ningekuwa nimeshakufa!" Akacheka. Kicheko kikamkatikia katikati, akakohoa.

Watu wa Isunga tunajua kusikiliza kikohozi. Cha vumbi ni kikavu, kinakwaruza kama ufagio wa uani. Hiki kilikuwa kibichi. Akakohoa tena, ameziba mdomo na upindo wa kanga, kisha akautoa upindo ule akautazama kwenye mwanga, akaugeuza, akautazama tena. Mtoto mgongoni naye akakohoa, kidogo, kama anayemwiga mama yake.

Nilikuwa nimeshika pazia. Sikuthubutu kumuuliza ameona nini.

"Nyamizi," Pili akasema taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kanga, "wale wa Kasombe. Mwisho wao ulikuwaje?"